Nilikuwa Masaka, bosi

Leo tena bosi kaniuliza kwa nini naingia saa tatu kasoro wakati kazi inaanza saa mbili. Nikataka nimwambie ukweli kwamba nilikuwa naelekea Masaka, nikaona huyu ataniandikia barua.

Jamani, toka kwangu mpaka kituoni ni hatua mia mbili, nimezihesabu. Ila katikati pale chini ya mwembe yupo mzee wetu na kiti chake cha plastiki, na mtu uliyelelewa huwezi kumpita mtu mzima kama umepita nguzo ya umeme. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, hujambo? Sijambo. Mama watoto? Mzima. Watoto? Wazima. Mguu wa baba yako? Unaendelea. Hapo nishasimama kiupandeupande, begi kwapani kama mtu aliyefumaniwa, mzee haoni! Anasema "nina neno moja tu." Neno lenyewe linaanzia 1978, Amin wa Uganda kavuka mpaka kaingia Kagera. Nimekwisha. Maana jeshi letu liliingia Kampala Aprili 1979, ni miezi ile, na mzee anasimulia kwa spidi ileile ya jeshi, kwa mguu, buti zina tope. Kila asubuhi anaanza upya Mutukula, pale mpakani. Leo tumeikaribia kabisa Masaka, kule ndani Uganda, daladala ya kwanza imepita, ya pili imepita, konda ananiona anapiga bodi anacheka, mara mzee akakumbuka hajasema walikula nini Mutukula. Tukarudi. Tukarudi Mutukula jamani!! Nikachungulia saa nikijua lisaa limekatika, kumbe dakika kumi na moja tu. Aliyepanda treni ya umeme alfajiri keshaiona milima ya Uluguru, mimi natafuta kituo.

Halafu jana jioni nikapitia kijiweni, drafti, gemu moja tu nimpe mtu adabu. Kuinua kichwa saa nne usiku, geti limefungwa. Hayo masaa kayala nani? Naapa nilikaa dakika ishirini. Na mke anayenifungia geti ndo huyohuyo akimsindikiza shoga yake wanaegemea mlango, "haya shoga mi naenda" ya tano ndo kwanza mada inaanza.

Mpira usiseme. Mkiongoza moja bila, dakika nne za nyongeza unaweza ukafunga Ramadhani ukala na Idi, mkiwa mmefungwa refa anapuliza hujakaa sawa.

Nimewaza nipite njia ya nyuma, ila kule kuna mama wa vitumbua ananidai elfu tatu. Huyo hana mambo ya mguu wa baba, "leta hela" basi, sekunde mbili, ila sekunde zenyewe jasho linakutoka mpaka kwenye soksi. Na nitamlipaje na vitumbua vyenyewe hivi vya siku hizi? Hivi vimepungua lini? Zamani viwili na chai umeshiba mpaka mchana, sasa unatia mdomoni unaanza kukitafuta kimeenda wapi, na katikati kibichi