Kilomita za Kioo, Kilomita za Barabara

Gari la umeme limezunguka mjini Malindi wiki nzima: sokoni, Silversands, nyumbani. Siku ya safari, kioo kinaonyesha kilomita 154 zimebaki. Mombasa ni kama kilomita 120. Dereva anaondoka bila wasiwasi, na huenda asifike.

Kioo hakikudanganya. Kompyuta hukadiria umeme uliomo betrini, kisha huugawa kwa ulaji wa gari wa siku za karibuni. Tuseme zimebaki kilowati-saa 20. Kwa mwendo wa mjini gari linakula 13 kila kilomita 100, ndiyo hizo 154. Sasa upite Gede ukanyage hadi 100 kwa saa, kiyoyozi kikivuma. Ulaji ukipanda hadi 18, umeme ule ule unakupeleka kilomita 111 tu. Unakwama maeneo ya Bamburi, Mtwapa umeshaivuka na roho ilikuwa imetulia! Ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wa hewa huwa mara nne. Na msimu wa kusi, aelekeaye Mombasa anaukabili upepo. Nahodha yeyote angeliuliza hilo kwanza.

Wanaoitetea mifumo hii ya makadirio wana hoja nzito. Namba ile ya jumla haijui unakokwenda. Ukiandika mwisho wa safari, mfumo mzuri huacha kutazama jana, ukapima barabara yenyewe: mwendo wake, milima, foleni. Wa Tesla huingiza hata upepo na joto. Hapo nakubali, makadirio hayo yananishinda mimi na kalamu yangu.

Ila magari mengi ya umeme yaliyotumika hutoka Japani, na ramani zake ni za huko huko. Nissan Leaf ya vizazi viwili vya kwanza, kwa mfano, betri yake haina mfumo wa kupoza kwa maji, na joto huichosha mapema. Kwa hiyo hata zile 20 ni makisio. Kuna na hasara ya upande wa pili: kompyuta yenye woga, inayokadiria kilomita chache mno, humfanya mtu azime kiyoyozi jua la Machi, afike ametota jasho na chaji tele.

Mimi kwa gari la namna hiyo natazama asilimia, kilomita naziacha. Daraja la Kilifi ni karibu nusu ya njia. Nikilifikia nimeshakula zaidi ya nusu ya chaji niliyoondoka nayo, nashuka hadi 70, matatu zinipite zikipiga honi.