Laki na kumi na nane kwa mpigo: bima ya gari ni ghali kweli au inadaiwa vibaya?

Juzi asubuhi pale Buhongwa, Mwanza, trafiki kasimamisha Probox moja ya mchomoko (hizi gari ndogo zinazobeba abiria) inayotoka Sengerema, hakuomba hata kadi, kaingiza namba ya gari kwenye simu yake akamwambia dereva bima yako imekata siku nne zilizopita. Dereva anajitetea, afande nilikuwa nasubiri hesabu ikae sawa, tajiri mwenye gari kasema wiki hii hii anatuma. Ikaandikwa elfu thelathini, abiria wanasonya maana kila mtu ana haraka ya mjini, halafu gari ikaondoka bila bima vile vile. Mimi nilipandia Usagara, tumebanana siti ya nyuma watu wanne (gari yangu ipo gereji, nitaeleza mbele), na kuanzia Mkolani mpaka tunashuka Igogo stori ikawa hiyo hiyo tu, bima za magari zimetushinda au tunajiendekeza.

Mama mmoja alikuwa na ndoo ya samaki miguuni akasema bima ni kodi ya trafiki, basi. Kijana wa mbele akamjibu mama, wewe siku ukigongwa utaitafuta hiyo kodi. Nimeondoka na hayo maneno mawili kichwani na nikikaa nayo naona wote wawili wana hoja, ila kila mmoja anaongelea kitu chake.

Tuanze na hela yenyewe. Bima ndogo ya gari binafsi, ile ya kumlinda mtu mwingine utakayemgonga, wengi tumeizoea kwa 118,000 kwa mwaka. Hapo laki moja ndiyo bima na elfu kumi na nane ni VAT. Ukigawa kwa siku 365 inakuja kama shilingi 323 hivi, hiyo kwa Mwanza hii ya leo hata nauli ya haisi haifiki. Faini nne za elfu thelathini ni 120,000, maana yake mtu akikamatwa mara nne tu kwa mwaka ameshalipa bima ya mwaka mzima na bima yenyewe hana. Kwa hesabu hiyo anayesema bima ndogo ni ghali anashindwa mapema kabisa, na mimi nilikuwa napenda sana kuwapiga watu na hii hesabu kijiweni mpaka jirani yangu mmoja mwenye Probox akanijibu kitu kimoja kikanikata maneno. Akasema, kaka, mimi 323 ninayo kila siku, 118,000 ndiyo sina.

Hapo ndipo penye shida na ndipo watu wa bima hawataki kupaangalia. Mapato ya watu wengi huku yanaingia kwa vipande. Dereva wa haisi analaza hesabu kwa tajiri kila jioni na kinachobaki ndiyo chake, kijana wa boda yupo kwenye mkataba anapeleka hela kila siku au kila wiki mpaka pikipiki iwe yake, na wale wa Kirumba wenye Canter za kubeba dagaa ndiyo usiseme, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikipanda watu wanapumzisha mitumbwi na gari nayo inalala. Mtu wa namna hiyo bima yake ikiisha katikati ya mbalamwezi unamwambia alete hela ya mwaka mzima leo hii kabla hajatia ufunguo. Anaweza kuwa na uwezo wa kulipa hiyo bima, tena bila kulia lia, ila siku hiyo hana. Na kama imeisha Januari na watoto wanarudi shule, sijui hata niseme nini.

Bima kubwa sasa, ile inayolinda na gari lako. Kiwango kinachotajwa na kila wakala ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari binafsi, halafu VAT juu yake. Chukua IST iliyothaminishwa milioni 14, asilimia 3.5 ni 490,000, ongeza VAT 88,200, jumla 578,200. Ukitoa ile ya bima ndogo tofauti ni 460,200, karibu laki tano, na hapo gari halijaguswa oili wala tairi. Hapa kwa kweli sina ujasiri wa kumwambia mwalimu au nesi wa Bugando kwamba ni hela ndogo. Yule aliyenunua gari kwa mkopo wa benki halalamiki sana kwa sababu benki haimpi chaguo, bima kubwa ni sharti na imeingizwa humo humo kwenye makato. Anayenunua kwa hela yake ya mfukoni ndiyo anakuwa na uhuru wa kuchagua, na karibu wote ninaowajua wamechagua ndogo.

Tena kuna kichekesho kimoja. Gari jipya la bosi wa Capri Point linalolala ndani ya geti, linatoka saa mbili linarudi saa kumi na moja, ndilo lenye bima kubwa. Probox ya mwaka 2004 inayokwenda Sengerema na kurudi mara nne kwa siku, tena tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 zile kilomita tatu hivi wanazimaliza mtu hajamaliza hata kutafuna karanga, hiyo ina bima ndogo, na ukiipeleka kuomba kubwa makampuni mengi wanakuuliza umri wa gari kwanza kabla ya jina lako.

Lakini tusiwaonee watu wa bima, nao wana upande wao. Kwanza hiyo bei hawajiamulii wao peke yao, TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, ndiyo inaweka viwango vya chini, na sababu inaeleweka, makampuni yakiachiwa yashindane kushusha bei kuna atakayekusanya hela za watu kwa bei ya karanga halafu siku ya kulipa fidia ofisi imefungwa. Tumeshaona biashara nyingine zikifa hivyo hivyo. Pili sisi wenyewe tunadanganya. Hizi Probox za michomoko kuna ambazo kwenye bima zimeandikwa gari binafsi ya mtu kwenda kazini, wakati zinabeba abiria kuanzia alfajiri, kwa sababu bima ya gari la abiria inahesabu mpaka siti na bei inapanda. Tajiri anajiona mjanja. Siku limepinduka na watu saba ndani, kampuni inasoma karatasi inasema hili gari tuliliwekea bima ya matumizi binafsi, na hapo ujanja umeisha. Ongeza na deiwaka, dereva mwenyewe kachoka kampa mshikaji usukani wa mizunguko miwili, leseni yenyewe ya daraja lingine au imeisha. Na wale wanaogongwa taa moja wanaleta bili ya taa mbili, bampa na rejeta, fundi amegonga muhuri. Hizo hela zote za uongo haziokotwi ziwani, zinalipwa na anayelipa bima yake kwa uaminifu.

Sasa niseme la kwangu. Mwaka jana pale Mabatini haisi ilinigonga kwa nyuma nimesimama kwenye foleni, buti ikaingia ndani, taa zote mbili kwisha. Haisi ina bima, hai kabisa, nimeangalia mwenyewe kwenye mfumo. Nikasema afadhali. Kumbe ndiyo safari imeanza: ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, ukaguzi wa gari, nakala ya leseni ya dereva wa haisi ambaye simu hapokei, kisha subiri kesi ya trafiki iishe, kisha mthamini wa kampuni aje aone gari, kisha faili liko makao makuu Dar. Baada ya miezi mitano wakaniletea ofa ambayo haifiki hata nusu ya bili ya gereji, wanasema gari ni la zamani kwa hiyo hawalipi bei ya spea mpya. Niliikataa, nikakaa wiki mbili, nikaikubali. Kingine nimeongeza mwenyewe kidogo kidogo na ndiyo maana mpaka leo inarudi rudi Nyakato kwa fundi, mara mlango wa buti unaingiza maji, mara taa used niliyofungiwa inazima. Najua kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima na mlalamikaji anaweza kwenda, ila mtu anayedai laki nane aanze kufuatilia shauri tena? Wengi wanaona bora yaishe.

Hiyo ndiyo sababu yule mama wa ndoo ya samaki anaita bima kodi ya trafiki. Watu hawajawahi kuona ikilipa. Wanaona ikiulizwa tu barabarani.

Ila hapo hapo ndipo namkatalia. Bima ndogo sio kwa ajili yako wewe unayelipa na haijawahi kuwa hivyo, ni ya yule kijana wa boda utakayemvunja mguu pale Mlango Mmoja, ambaye atalala wodini wiki sita na mke wake anauza ndizi ili apate hela ya vyuma. Ikiachwa iwe hiari hakuna hata mmoja wetu atakayelipa, tusidanganyane. Kwa hiyo wanaosema iondolewe kabisa kwa sababu maisha magumu, wanaomba ugumu wao ubebwe na huyo wa wodini ambaye maisha yake ni magumu kuliko yao. Na afadhali sasa hivi stika ni za kielektroniki, zamani ulikuwa unaweza ukagongwa na gari lina stika inang'aa kwenye kioo kumbe imechapishwa uchochoroni.

Kuna wazo lingine linapendwa sana vijiweni, kwamba bima iwekwe kwenye mafuta kama walivyofanya ile ada ya mwaka ya road license. Mwaka 2017 Waziri wa Fedha Philip Mpango aliifuta na hela ikahamishiwa kwenye lita, na kweli hakuna aliyeandamana, watu wanalipa bila kujua. Kwa bima inavutia vile vile: anayetembea sana analipa sana, aliyepaki halipi, hakuna wa kukamatwa Buhongwa na bima iliyokata. Botswana na Afrika Kusini wanafanya hivyo kwa upande wa watu walioumia, Afrika Kusini mfuko wao wa ajali unakatwa zaidi ya randi 2 kwenye kila lita. Lakini mfuko huo huo wa Afrika Kusini unazama kwenye madeni miaka na miaka, madai ni mengi kuliko makusanyo, na pamoja na yote hayo gari lako likibondwa haulipi, unalipa binadamu tu. Mimi naogopa kitu kimoja zaidi, mfuko mmoja wa serikali wenye hela nyingi na hauna mshindani wa kumkimbilia, kama faili langu moja lilikaa miezi mitano kwenye kampuni yenye washindani, huko je. Halafu mafuta yakipanda hata shilingi mia haisi zote zinataka kupandisha nauli, na anayelipa anakuwa ni yule mama na ndoo yake ambaye hana gari.

Kwa hiyo mimi nipo hapa: bei ya bima ndogo iachwe, ila ile VAT ya elfu kumi na nane iondolewe, maana kitu ambacho sheria inanilazimisha kununua kwa faida ya mtu mwingine kukitoza VAT sioni mantiki yake. Na malipo yakatwe vipande. Watu wa bima wana jibu lao hapa na sio jibu la kijinga, wanasema mteja atalipa mwezi mmoja apite ukaguzi halafu apotee miezi kumi na moja, na ajali ikitokea anarudi mbio anataka kulipia ya jana. Sawa, lakini huo ulikuwa ugonjwa wa stika ya karatasi ambayo ikishabandikwa hakuna wa kuibandua. Sasa stika ipo kwenye mfumo, trafiki anaisoma kwa simu, asiyelipa izimwe saa sita usiku kama luku inavyokata. Kijana wa boda anapeleka mkataba kila wiki bila kukosa na akikosa pikipiki inachukuliwa, mwenye gari atashindwaje elfu mbili mia tatu ya bima kwa wiki? Gharama ya kukusanya vihela vidogo vidogo ipo, kila muamala una makato, najua, na pengine kwa mwaka itafika laki na thelathini badala ya 118,000. Jirani yangu nilimuuliza angekubali hiyo nyongeza, akacheka, kaka mimi vikoba nakopa kwa riba kubwa kuliko hiyo ili nilipe hiyo hiyo bima.

Kuhusu bima kubwa sina dawa. Asilimia 3.5 kwa gari linalolipwa kwa mshahara wa kawaida itaendelea kuwa kitu cha wenye mkopo wa benki na wenye geti.

Yangu inaisha tarehe 28. Mwaka jana niliamua sichukui kubwa, nikasema ile tofauti ya laki nne na sitini naitumbukiza kwenye kibubu kidogo kidogo, ndiyo bima yangu binafsi, likitokea la kutokea nafungua. Nimeshafungua mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ada ya mtoto, ya pili shokapu za mbele, na jana nimekitikisa kikawa kinalia kama kina sarafu mbili tatu hivi.