Ngoma Inayomngoja Aliyechelewa

Usiku wa kwanza nilipoachiwa kipaza sauti niite kontra peke yangu, niliivunja ngoma ya watu thelathini na wawili ndani ya dakika tatu. Ilikuwa katika ukumbi wa kijijini hapa New Hampshire, Marekani, sakafu ya mbao, jukwaani fidla, piano na akodioni. Nilikuwa nimechagua mchezo wenye vipande sita tu, yaani miondoko sita inayofuatana. Nilijiambia sita ni vichache, hata mtoto atavishika. Mzunguko wa tatu safu moja ilikatika. Wa nne watu walikuwa wamesimama wakitazamana. Mume na mke wazee waliokuja kwa mara ya kwanza walichukua makoti yao wakaondoka kimya, na sijawaona tena hadi leo. Kosa lilikuwa langu, si lao. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria upya neno "rahisi".

Kwa ambaye hajaiona, kontra ni ngoma ya safu mbili ndefu zinazotazamana toka karibu na wanamuziki hadi mwisho wa ukumbi. Una mwenzi wako, na nyinyi wawili mnakutana na jozi nyingine, mnakuwa wanne. Mnacheza pamoja mapigo 64, kisha mnaachana: jozi moja inashuka kuelekea mwisho wa ukumbi, nyingine inapanda kuelekea wanamuziki, na kila mmoja anakuta majirani wapya wa kurudia nao yale yale. Asili yake ni ngoma za Uingereza za aina ile aliyoichapisha John Playford London mwaka 1651, na mkono wa Wafaransa umo pia, lakini New England, eneo hili la kaskazini-mashariki mwa Marekani, ndiko zilikolelewa zikabaki hai. Kijiji cha Nelson kimejulikana miaka mingi kwa ngoma yake ya Jumatatu usiku, na Ralph Page, mwitaji wa New Hampshire aliyefariki mwaka 1985, bado anatajwa humu kumbini kama babu wa wote.

Mwitaji ndiye anayesimama jukwaani na kutamka kipande kinachofuata. Kiswahili kina manju, lakini manju hutunga na kuimba. Huyu haimbi. Kazi yake ni kuwa mbele ya muziki kidogo tu, ili wachezaji wawe nao sawasawa.

Miguu haina shida. Kontra ni kutembea, na kila mtu anayeingia mlangoni anajua kutembea kwa kufuata muziki. Kinachomtesa mgeni ni kujua yuko wapi, anaelekea wapi, na nani ni wake. Kwa hiyo siku hizi nikishika kadi niliyoandikia mchezo sihesabu vipande. Nauliza jambo moja: mtu akichelewa mapigo manne hapa, atawakuta wenzake wapi? Kama jibu ni kwamba hatawakuta kabisa, kadi inarudi kisandukuni hata kama ina vipande viwili.

Chukua dosido. Wawili wanazungukana mgongo kwa mgongo, kila mmoja anarudi alipotoka. Mgeni asipoelewa hata kidogo akabaki amesimama, muziki ukifika mwisho wa fungu bado yuko mahali pake. Duara la watu wanne kwenda kushoto mapigo manane, kisha kulia mapigo manane, ni hivyo hivyo, na tena mikono imeshikana, kwa hiyo aliyepotea anavutwa na watatu wanaojua. Nyota, ambamo wanne hushikana mikono ya kulia katikati na kuzunguka, nayo ina ule ule uzuri wa mkono. Kisha kuna safu ndefu: ukumbi mzima unashikana mikono, hatua nne mbele, nne nyuma. Kwa wageni nakipenda kipande hiki kuliko vyote. Ni kama kituo cha basi: aliyeachwa nyuma anapandia hapo.

Sasa chukua hei. Wanne wanapishana kulia na kushoto kama ukili unaosukwa, bila kushikana. Anayejua anaipenda mno, nami naipenda. Lakini mmoja akikosea bega, wote wanne wamekwisha, na hakuna mkono wa kumrudisha. Ndiyo iliyokuwa ndani ya mchezo wangu wa vipande sita. Mnyororo nao, ambamo wawili wanavuka kwa mkono wa kulia na kupokewa ng'ambo na kugeuzwa, unaonekana mdogo kwenye kadi, kumbe unadai watu wanne wajue kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja. Hata robo tatu ya duara inamsumbua mgeni. Ukimwambia azunguke robo tatu, amesikia hesabu. Mwambie azunguke mpaka mwenzi wake awe kando yake, upande ule wa ukumbi. Hapo amepata pa kufikia.

Kuzungushana ni jambo la pekee. Wawili wanashikana kama wacheza waltz, wanazunguka mapigo manane au zaidi, kisha wanafunguka, wa kulia abaki kulia. Kunaleta kizunguzungu, na mgeni akifunguka haoni kaskazini wala kusini. Wapo waitaji wanaokuondoa kabisa kwa wageni, nami sikubaliani nao, kwa sababu hiyo ndiyo sukari ya kontra. Mtu akirudi nyumbani bila kuzungushwa hata mara moja, hajaambiwa ngoma hii ni nini. Ninachofanya ni kukuweka mara moja tu ndani ya mchezo, pamoja na mwenzi, na mara baada yake naweka safu ndefu ili waliofungukia upande wa makosa wapate nafasi ya kujipanga. Anayeona vigumu ashike mikono yote miwili na kuzunguka akitembea. Na amtazame mwenzake usoni. Ukuta ukianza kukimbia macho yana pa kushika.

Kwa kundi ambalo wote ni wageni, kama harusi au sherehe ya shule, msimamo wangu unawaudhi baadhi ya wenzangu: usianze na safu ndefu kabisa. Safu zina ncha, na jozi inayofika kwenye ncha lazima ingoje mzunguko mmoja, ibadilishane pande, kisha irudi. Sentensi hiyo moja imeharibu jioni nyingi. Anza na duara la Sisilia, jozi inatazamana na jozi kuuzunguka ukumbi wote, na hakuna ncha popote. Mimi hufungua hivi: duara kushoto, duara kulia, dosido na jirani, dosido na mwenzi, nyota ya kulia, nyota ya kushoto, halafu mbele na nyuma mkiwaelekea wale wawili, na mara ya pili mnapishana nao kwa bega la kulia na kuwakuta wawili wapya, mnawasalimia. Hesabu mapigo manane kwa kila kimoja, utapata 64. Hakuna kipande hata kimoja ambacho aliyesimama tu ataonekana mjinga.

Wazoefu hulalamika. Husema mchezo kama huo unawachosha. Nawaheshimu, wengi wao ndio walionifundisha, lakini kila mmoja wao aliwahi kushikwa mkono na mtu aliyekuwa anaujua mchezo huo kwa miaka ishirini. Nawaomba wasijikusanye juu ya ukumbi karibu na wanamuziki huku wageni wakirundikana chini, maana jozi nne za wageni zikifuatana haziwezi kuokoana. Changanya watu kabla ya kuchagua kadi. Nimeona mchezo mgumu ukisimama kwa sababu ya kuchanganya tu, na mwepesi ukianguka kwa kukosa.

Kuita kwenyewe nilikujifunza kwa mama mmoja Mkongo. Kanisa lenye familia za Kongo na Burundi waliniomba niwachezeshe kwenye sherehe yao ya mavuno, na nikaona niite kwa Kiswahili. Nilieleza, nikaeleza tena, nikaonyesha, nikarudia. Watoto walianza kukaa chini. Mama yule, amevaa kitenge cha njano, akaniambia kwa upole mbele ya watu wote: "Mwanangu, unasema mingi. Acha muziki iseme."

Alikuwa sahihi. Watu wale walikuwa wamecheza pamoja kwa mstari tangu utotoni. Kusubiri fungu la muziki liishe walikuwa wanakujua kuliko mimi. Tangu siku ile napitisha mchezo bila muziki mara moja, mbili kama lazima, kisha namwambia wa fidla aanze. Hapa huanza na kitu wanachokiita viazi vinne, mapigo manne makavu ya upinde kabla ya tuni, na hayo manne yanafundisha kuliko dakika nne za maneno yangu.

Siku hiyo nilikutana pia na tatizo ambalo waitaji wa Kiingereza hawalijui. Mwito lazima uishe kabla ya pigo ambalo kipande kinaanza. Mwito unaofika pamoja na pigo umeshachelewa. Kwa Kiingereza mwito wa duara la kushoto una silabi tatu. "Duara kushoto" ina sita. Nilikuwa naanza kuita pale pale nilipozoea, nakuta ulimi bado uko njiani na ukumbi umeshaingia. Nikajifunza kuanza mapigo manne kabla, na kukata. Sisemi tena "sasa mzungushe mwenzi wako". Nasema "Mwenzi! Zunguka." Mtu anatangulia, kitendo kinafuata, kwa kuwa aliyechanganyikiwa anatafuta mtu kwanza.

Kiswahili nacho kilinilipa. Kumbi nyingi hapa zimeacha kuita mabwana na mabibi, zinatumia majina ya ndege wawili, Larks na Robins, ili herufi ya kwanza iwakumbushe kwa Kiingereza nani yuko kushoto na nani kulia. Sisi hatukuhitaji ndege. "Wa kushoto" na "wa kulia", basi. Mabibi wawili wakacheza pamoja, baba na binti yake, na hakuna aliyeuliza nani ni mwanamume.

Jambo jingine ni kujua kunyamaza. Mzunguko mmoja unachukua zaidi kidogo ya nusu dakika, kwa hiyo katika dakika kumi kila kipande kimerudiwa kama mara kumi na saba. Mara tatu za kwanza naita kila kitu. Kisha neno moja moja. Kisha nanyamaza na kutazama miguu, na nikiona pembe fulani inayumba narudi kwa mwito mmoja tu, bila kusimamisha muziki. Ukumbi wote ukivurugika, kuna dawa moja ninayoiamini: mtafute mwenzi wako, mzungukeni, mpaka fungu liishe. Halafu tunaanza upya wakiwa wanacheka.

Wakati wa mapumziko siku hizi sikai jukwaani kupanga kadi. Nashuka, naenda kule zinakotundikwa nguo za baridi, nikaone kama kuna mtu amesimama na koti mkononi.