Wa Tisa Aliyegoma Kuwa wa Mwisho

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ni wa tisa."

Ndivyo nilivyopokelewa kaunta. Watu sabini wamekaa, majina yanaitwa kutoka kwenye kompyuta, na mzee aliyeshika kikaratasi chenye namba 9 yuko mkiani mwa orodha.

"Ulimgusa?" nikamuuliza karani.

"Mzee?!"

"Rekodi yake!"

Kumbe alisahihisha jina, lilikosa "h". Basi. PostgreSQL, programu ya kanzidata (ghala la rekodi zetu), ukiibadilishia rekodi haiandiki juu ya ile ya zamani. Inaandika nakala mpya penye nafasi, mara nyingi nyuma ya wenzake. Na fundi aliyenitangulia hakuweka ORDER BY, amri ya kupanga rekodi, kwa hiyo rekodi zilisomwa kadiri zinavyokutwa. Kanzidata haikumwahidi mtu foleni. Katika nadharia ya kanzidata za majedwali aliyoieleza mwanasayansi wa kompyuta Codd mwaka 1970, jedwali ni seti, na seti haina wa mbele wala wa nyuma. Jaribu kumweleza hayo mwenye kikaratasi.

Mara mama mmoja akasahihishiwa namba ya simu, akawa wa mwisho yeye. Mzee akapanda hatua moja, akatabasamu. Karani kwa huruma akamwandikia mzee kwenye maelezo: "Huyu ni wa tisa, apewe haki yake." Akahifadhi. Mzee akarudi mkiani.

Kijana mmoja wa nyuma, mwepesi wa kuelewa, akamnong'oneza karani: "Dada, hebu wasahihishie majina hao walio mbele yangu."

Nikapanga kwa muda wa kusajiliwa. Wapi! Majina yaliingizwa kwa mkupuo kutoka daftarini, muamala mmoja, yaani kazi moja inayohifadhiwa kwa pamoja, na now(), amri ya kuuliza saa, hutoa saa muamala ulipoanza. Kwa mujibu wa kompyuta, wote sabini walipita mlangoni kwa pamoja.

Nikapanga kwa namba: 1, 10, 11, 12... Fundi yule alizihifadhi kama maandishi! Zinalinganishwa herufi kwa herufi, hivyo 10 inaitangulia 2, na 9 inakuja baada ya 70. Mzee, wa mwisho tena.

"Kijana, hiyo mashine ina nini na mimi?"

Nikazigeuza kuwa namba kamili. 1, 2, 3... safi! 7, 8, 10.

"Wa tisa yuko wapi?"

Karani akainua mkono taratibu. "Nilipoona unahangaika, nikamfuta nikamwandikisha upya, labda atakaa sawa."

Nikashuka hadi chini. Mzee alikuwepo, namba 71, wa mwisho, na safari hii kihalali kabisa.