Preseti za Lightroom: zinatuokoa muda au zinatupaka majivu?

Ubishi wa wapiga picha siku hizi umehamia kwenye preseti za Lightroom, ile programu ya Adobe ya kuediti picha. Kuna wanaosema ukitumia preseti we sio mpiga picha, we ni mbonyezaji tu, na kuna wanaowajibu kwamba nyie mnaolalamika hamna kazi, mngekuwa na sendofu Ijumaa, harusi Jumamosi na kipaimara Jumapili mngenyamaza wenyewe. Mi naona wote wana pointi, ila kuna kitu pande zote mbili hawakigusi kabisa: hiyo preseti ilipikwa juu ya sura ya nani, na chini ya jua gani?

Kwa asiyejua, preseti ni faili dogo tu linalokumbuka slaida zote, yaani vile vitelezi vya kusogeza kushoto na kulia, za mtu aliyeediti picha yake akaridhika nayo. Kontrasti kaweka kiasi gani, vivuli kavipandisha au kavizamisha, kijani kakipeleka wapi, chengachenga za filamu kaongeza au hakuongeza. We unabonyeza mara moja, picha yako inavaa maamuzi yake yote. Lightroom ina hiki kitu tangu toleo la kwanza la 2007, na Instagram ilipotoka Oktoba 2010 ikawagawia watu wa simu filta, ambazo ni ndugu wa damu wa preseti. Tofauti ni kwamba filta unapewa imefungwa, wakati preseti ya Lightroom inakuachia slaida zote wazi, unaweza kuingia ukabadili moja moja. Wengi hawaingii.

Tuanze na utetezi maana uko mzito. Harusi moja ya Dar, kuanzia saluni mpaka keki, unarudi na picha elfu na kitu kwenye memori kadi, ukichambua zinabaki tuseme 600 za kumpa mteja. Ukiediti kila moja kwa mkono dakika mbili mbili hizo ni dakika 1,200, yaani masaa 20 umekaa kwenye kiti, na hapo umeme haujakatika, na mteja anakutumia "kaka vipi picha" kuanzia Jumatatu asubuhi. Ukiweka preseti kwenye picha moja, ukaisambaza kwa zote zilizopigwa sehemu ile ile, afu ukarekebisha kila picha kwa sekunde 20, unamaliza kwa masaa matatu na kitu. Huyo mtu ana watoto na ana kazi nyingine keshokutwa, kumwambia amefanya udanganyifu ni uonevu.

Afu kuna suala la albamu kushikana. Kanisani taa za njano, ukumbini LED za zambarau zinazozunguka, nje jua kali, na mara nyingi mko wawili, mmoja ana Canon mwenzake ana Sony, rangi za ngozi zinatoka kila mtu na lake. Preseti iliyotengenezwa kwa akili haifuti tofauti hizo ila inazisogeza zikaribiane, albamu isionekane imeokotwaokotwa. Na kuna faida moja wakosoaji hawaitaji kabisa, preseti inafundisha. Kijana ambaye hana ada ya chuo anafungua preseti ya mtu anayemkubali, anaangalia slaida moja baada ya nyingine, anazima hii anawasha ile, baada ya muda anaelewa kwa nini vivuli vya yule jamaa vina ubluu kidogo. Mi nawajua kadhaa waliojifunzia hapo na leo wanatoza hela ya maana.

Na wale wa "zamani picha ilikuwa picha" naomba wapunguze sauti kidogo. Enzi za filamu ukinunua mkanda wa Kodak au wa Fuji rangi ilikuwa imeshaamuliwa kiwandani, afu ukipeleka kusafisha yule jamaa wa mashine ndo anaamua picha itoke ya njano au ya bluu, we umekaa kwenye benchi unasubiri jina lako liitwe. Jamaa wa kampuni ya VSCO walianza kuuza preseti za kuiga mikanda hiyo mwaka 2011, Kodak Portra, Fuji 400H na wenzake, wakaacha kuziuza Machi 2019, kwahiyo kuna kizazi kizima kililipia kamera ya dijito ifanane na mkanda. Na hapa pwani kwetu ndo usiseme. Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa bingwa wa kuunganisha picha, mtu unamkuta katikati ya vitu ambavyo studio havikuwepo. Pale kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha wa miaka ya 1990 walikuwa na vibanda vyenye pazia zilizochorwa maua, maghorofa, meli na ndege, wewe unasimama hapo unapigwa na kesho mwingine anasimama hapo hapo. Mwonekano wa kununua ukiwa tayari tumeishi nao muda mrefu sana na hakuna aliyekufa.

Ila historia hiyo hiyo ina upande mchungu. Kodak ilikuwa inawapelekea wasafishaji kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, mashine inapangwa mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri, wengine wote mnatoka mtakavyotoka. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika mwaka 2009 kwamba presha iliyoisukuma kampuni kuboresha rangi za kahawia kwenye filamu ilitoka pia kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, walilalamika kwamba bidhaa zao hazitoki sawasawa. Chokoleti na kabati, jamani! Kadi zenye watu wa rangi tofauti tofauti zilikuja miaka ya 1990.

Sasa preseti nyingi zinazouzwa mtandaoni ni Shirley mpya, na simaanishi kwa ubaya wa mtu, ni hesabu tu. Ngozi ya binadamu kwenye Lightroom inakaa zaidi kwenye slaida za chungwa na nyekundu. Anayepiga watu weupe wanamtokea wekundu kama wameungua jua, kwahiyo anapunguza ukolezo wa chungwa, yaani nguvu ya rangi hiyo, na anapandisha mwangaza wake, ngozi inakuwa laini, imetulia, kwake kazi imeisha. Chukua namba zile zile umwekee bibi harusi mweusi wa Dodoma. Ule ukolezo uliopunguzwa ndo uhai wa ngozi yake, ukiutoa kinabaki kijivu, dada wa watu anaonekana hajagusa mafuta wiki nzima na wakati alikaa kwa mpambaji tangu alfajiri. Hina nayo inapauka, maana ile rangi yake ya udongo mwekundu imo kwenye slaida hizo hizo. Mtu aliyelipa hela nzuri achorwe mpaka kwenye viwiko anapata picha ambayo maua hayaonekani.

Jua nalo lina mambo yake. Zile preseti za weupe-weupe, kila kitu kama kimepigwa ndani ya wingu, zinataka mwanga laini, na mwenzetu wa Ulaya kipindi cha kiangazi anaupata jioni kwa muda mrefu kwa sababu jua lake linashuka kwa kulala. Dar jua linazama kati ya kama saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika 10 jioni, mwaka mzima, na linashuka wima, ukichelewa foleni ya Mwenge umeukosa. Kwahiyo picha nyingi za maharusi wetu zinapigwa saa nane mchana sababu ratiba ya kanisa na ukumbi ndo imekaa hivyo, mchanga wa Kigamboni tayari ni mweupe, gauni ni jeupe, afu unabonyeza preseti inayopandisha weupe zaidi, lesi yote inapotea gauni linabaki kama karatasi ya fotokopi. Zile za giza-giza zinafanya kinyume chake, zinazamisha vivuli mpaka macho ya mtu mweusi mwenye kofia hayaonekani. Na kijani! Wauzaji wengi wanakipeleka kwenye zeituni iliyokauka, inapendeza kwenye misitu yao ya baridi, we umepiga Lushoto katikati ya masika kila kitu kinang'aa, ukibonyeza Lushoto imeingia ukame.

Halafu sare. Mtu wa nje hawezi kujua kwamba kamati ya harusi imekaa vikao kubishania rangi, mama wadogo wameshona, mashangazi wameshona, na rangi ni ile royal bluu iliyokubaliwa na sio nyingine. Preseti ya mtindo wa chungwa na bluu-bahari inaivuta ile bluu kwenye ukijani, na mama mzazi akifungua albamu kitu cha kwanza anauliza hizi nguo ni za harusi ya nani. Utamwambia nini, kwamba ndo fasheni?

Kuna na ya kiufundi ambayo inawaponza wengi, nitapita haraka. Preseti haiongezi juu ya ulichonacho, inaweka namba yake. Kama imehifadhiwa na eksposha, yaani kiwango cha mwanga wa picha, ya +0.50 basi picha yako itapelekwa kwenye +0.50 hata kama ilishakuwa na mwanga wa kuzidi. Waiti balansi, yaani kipimo cha kujua nyeupe ni ipi, kwenye faili la RAW (picha ghafi ya kamera) kinasomwa kwa Kelvin na kwenye JPEG (picha iliyokwishapikwa na kubanwa) ni kutoka -100 mpaka +100, kwahiyo iliyotengenezewa RAW ukiitupia kwenye JPEG ya simu usishangae inakupa kituko. Zile unazotumiwa kama faili la DNG (nayo ni aina ya picha ghafi) ulifungue kwenye simu unakili mipangilio, ni hivyo hivyo, mpangilio ni wa picha ya mwenye nayo.

Tusiitupie preseti lawama zote lakini. Wateja wenyewe wanaomba. "Kaka niweke weupe kidogo" ni ombi la kila siku, na linatoka hata kwa bwana harusi. Hapa nina msimamo wangu ambao najua wengine hawaupendi: kuongeza mwanga usoni ni kazi yangu, kwa sababu pengine mi ndo nilishindwa kumpa mwanga wa kutosha, ila kubadili rangi ya mtu nakataa, ingawa naelewa kabisa anayekubali maana kodi ya nyumba haisubiri msimamo. Ukiipandisha eksposha ya uso vizuri, bila kugusa ile chungwa, mara nyingi mteja anaridhika na haombi tena, alichokuwa anakitaka ni kuonekana.

Kwenye habari mambo ni mengine kabisa. Mwaka 2015 shindano la picha za habari la World Press Photo waliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho kwa sababu ya uhariri uliozidi, na kuna waliozamisha vivuli mpaka vitu vilivyokuwa kwenye picha vikapotea, ambacho ndo kile kile preseti ya giza-giza inafanya kwa kubonyeza mara moja. Ukipiga picha ya maandamano au ya mafuriko Jangwani, achana nazo. Wauzaji wa vitenge na viatu wa mtandaoni nao ningewaambia hivyo hivyo, maana mteja akiagiza maruni akaletewa kahawia hataki kusikia habari za mtindo.

Lawama ya kwamba preseti zinafanya picha zote zifanane, hiyo mi hainisumbui kama wengine. Ni kweli ukipita Instagram unaona harusi ya Arusha, ya Kisumu na ya Bujumbura zote zina ule ukahawia mmoja, na ni kweli miaka kumi baadaye albamu itasema yenyewe ilitoka mwaka gani. Lakini picha za Likoni nazo zinasema mwaka wake na leo tunazitafuta. Kuwa wa zama zako sio dhambi, ila majivu usoni hayajawahi kuwa ya zama yoyote.

Kwa hiyo upande wangu uko wapi? Niko na preseti, ila ya mtu kujipikia. Chukua picha zako tano za mwanga tofauti, watu wa rangi tofauti, maji ya kunde, mweusi tii, mweupe, editi mpaka zote zikubali, afu unapohifadhi toa tiki kwenye eksposha na waiti balansi ili hizo uziamue picha kwa picha. Ukumbini fanya nyingine, usilazimishe moja ifanye kazi zote. Kama tayari umenunua za watu usizitupe, tangu Juni 2022 Lightroom ina slaida ya kupunguza nguvu ya preseti nzima, ishushe mpaka 40 hivi, rudisha chungwa sehemu yake, zitakufaa. Mwaka huo huo zilikuja na zile zinazotafuta zenyewe anga au mtu aliye kwenye picha, zinasaidia sana, ila kumjua mtu alipo na kujua ngozi yake inatakiwa ionekaneje ni mambo mawili, la pili bado ni la kwako.

Na kabla hujalipa, muombe muuzaji picha za kabla na baada: moja ya ukumbini usiku, moja ya saa saba mchana, moja ya watu watatu wasiofanana rangi wamesimama pamoja. Wapo wapiga picha wa Nairobi na Dar wanaouza zao na hizo picha wanazo, watakutumia dakika hiyo hiyo. Ambaye kila ukimuomba anakuletea dada wa kizungu mwenye kofia pembeni ya ziwa, kaa na hela yako ununue bando.