Si moto peke yake uliofuta kujaza mafuta
Eti Formula 1, yale mashindano ya magari, ilipiga marufuku kujaza mafuta katikati ya mbio mwaka 2010 kwa kuogopa moto tu? Hapana. Moto ulikuwepo, gari la Jos Verstappen liliwaka Hockenheim, Ujerumani, 1994, lakini baada ya hapo walijaza miaka mingine 15! Kilichowachosha zaidi ni gharama ya kusafirisha ile mitambo ya kujazia dunia nzima, na pia madereva walikuwa wanapitana wakati gari limesimama badala ya barabarani. Tangu hapo gari linaanza na mafuta yote ya mbio, na kuanzia 2019 hadi 2025 kikomo kilikuwa kilo 110 (wanapima kwa kilo kwa sababu ujazo wa petroli hubadilika na joto, uzito haubadiliki). Hapo ndipo utamu ulipo: kila kilo 10 hula kama sehemu tatu za kumi za sekunde kwa mzunguko, kwa hiyo timu nyingine zilikuwa hazijazi hadi kikomo, dereva anaachia kanyagio la mafuta mapema kabla ya kona ili afike. Na asifike mkavu, maana lazima ibaki lita moja ya kupimwa. Dereva Vettel alipoteza nafasi ya pili Hungary 2021 kwa sababu kwenye gari lake ilitoka lita 0.3 tu. IndyCar (mbio za Marekani) na Le Mans (mbio za saa 24 Ufaransa) bado wanajaza, na mbio zao haziboi. Nyie mngependa Formula 1 irudishe?