Kilo 57 za asali zimekwenda wapi?

Tangu juzi sina amani. Mrina asali mmoja, mzee wa Sikonge, alikuja ofisini kwetu hapa Tabora na stakabadhi yake imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Mzani ulisoma kilo 184. Mfumo wetu ulisema 127. "Mwanangu," akaniuliza taratibu, "hizo 57 zimelambwa na nani?"

Mliowahi kushika MySQL, programu ya hifadhidata tunayotumia, mmeshajua. Safu ya kilo kwenye jedwali ilitengenezwa TINYINT, aina ya namba ndogo, na TINYINT inaishia 127. Kiwango cha SQL, lugha ya hifadhidata, kinataka thamani isiyoenea ikataliwe kwa kosa la wazi. MySQL ya zamani iliikata, ikaandika 127, ikaacha onyo lisilosomwa na mtu, kazi ikaendelea. Ukiiandikia tarehe 31 Juni, inahifadhi 0000-00-00. Jina refu linakatwa mkia.

Watengenezaji wa MySQL wenyewe waliliona. Toleo la 5.7, mwaka 2015, lilikuja na ukali umeshawashwa, yaani linakataa thamani isiyoenea. Tulipohamia toleo hilo mfumo wetu mkongwe ukaanza kugoma, na ulikuwa na haki ya kugoma. Fundi tuliyemwita akafungua faili la mipangilio, akaiacha sql_mode tupu, yaani akauzima ukali ule, kila kitu kikatulia. Tukamshukuru. Na mimi nilimshukuru.

Ndiyo maana nimechoka kusikia kwamba lazima programu za zamani zilindwe kwa gharama yoyote. Gharama ya nani? Programu ikigoma, karani ananipigia simu, nakuja mbio, watu wanaandikwa kwenye daftari hadi jioni. Programu ikiandika uongo, hakuna anayepiga simu. Anayelipa ni mzee aliyeingia porini na moshi usiku, akaumwa na nyuki, na asiyejua kuna kitu kinaitwa safu.

Sawa, kuvunja nako kunauma. PostgreSQL 8.3, hifadhidata nyingine, mwaka 2008, iliacha kugeuza namba kuwa maandishi yenyewe, na programu nyingi zikakwama. Kwa mtu mmoja anayehudumia mifumo mitano, hayo ni mateso, sikatai. Lakini zilikwama mchana kweupe, zikarekebishwa. SQLite, nayo hifadhidata, hadi leo inaruhusu NULL, yaani nafasi isiyo na thamani, kwenye ufunguo mkuu unaotambulisha kila rekodi, kosa la zamani lililoachwa makusudi ili wasivunje kazi za watu. Tangu 2021 ina jedwali za STRICT, zinazokataa data ya aina isiyofaa, kwa anayezitaka. Afadhali, ingawa usalama wa data haukupaswa kuwa kitu cha kuombwa. Na MySQL kusoma || kama "au" badala ya kuunganisha maneno, hilo navumilia. Halimpunguzii mtu kilo.

Jana nimerudisha STRICT_TRANS_TABLES, ule ukali uliozimwa, na safu ya kilo nimeifanya DECIMAL, aina ya namba inayobeba kubwa zaidi. Sasa natoa kila rekodi yenye 127 kamili na kuilinganisha na stakabadhi za karatasi kabatini, moja moja. Mzee nimemwahidi jibu Ijumaa.